Banjo Lililovaa Shingo ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na rovu shingoni. Si lile rovu la kuvizia, kwamba mpaka mtu ageuke pembeni ndiyo ulione. Hili lilikuwa linafika kwanza, halafu mwenyewe anafuata. Watoto wote wa Mjimwema, hapa Songea, walimjua kwa hilo, na yeye hakuona shida, alisema mtu asiye na alama anapotea sokoni. Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisani miaka yote niliyoishi kwake, na watu waliamini kabisa kwamba ile sauti ilikuwa inakaa mle ndani ya rovu, kama maji kwenye ndoo.

Halafu hospitali wakalitoa.

Operesheni ilikwenda vizuri. Shingo ikabaki nyembamba kama ya kuazima, kola za mashati yote zikawa kubwa. Sauti ndiyo haikurudi. Au niseme ilirudi, ila ilirudi robo. Daktari alisema kuna sehemu kooni imechoka, itapumzika, itarudi kazini. Tukasubiri. Ile sehemu ikaamua kustaafu. Mjomba akawa anaongea kama mtu anayekusengenya wakati mmekaa wote meza moja. Akitaka chumvi, nyumba nzima tunanyamaza kama kwenye mageuzo ya misa, anarudia, ndipo chumvi inapatikana. Kwenye kwaya wakamhamishia kitengo cha kubeba kinanda. Wale waliosema sauti ilikuwa inakaa ndani ya rovu wakawa wanatembea kifua mbele.

Mimi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Nimesoma mpaka darasa la saba na sijawahi kukutana na kazi iliyoniuliza zaidi ya hapo. Naziba pancha za pikipiki na baiskeli pembeni ya barabara, na kutokana na kazi hiyo hiyo nikatengeneza banjo. Mwili wake ni sufuria lililotoboka la mke wa mjomba, ambaye mimi namwita mama kwa sababu ndiye aliyekuwa anapakua chakula. Shingo yake ni ubao wa dirisha. Nyuzi ni waya za breki za baiskeli, unazifumua moja moja. Ukiona baiskeli Mjimwema haina breki, usinifikirie vibaya, waya nyingine zilikatika zenyewe.

Watu wanadhani banjo ni nyuzi. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka nilipolitengeneza. Nyuzi zinapeleka habari tu, anayesema ni ule uso, kile kitu ulichokiwamba mdomoni mwa sufuria. Wa kwanza niliwamba mfuko wa mbolea. Likalia kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko wa mbolea. Nikaja na plastiki ya ndoo, nene, likawa na sauti ya kugonga mlango wa mtu ambaye hayupo. Mpaka siku moja nikampata mzee mmoja anayeleta mbuzi kutoka Namasakata, Tunduru huko, mtu wa swala tano, mpole, na bei haishuki. Akaniambia ngozi ya tumboni nyembamba, ya mgongoni nene, nichague nataka mbuzi aongee au ahutubie. Nikachukua ya ubavuni. Nikailoweka, nikaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa, nikaishona kwenye duara la waya mnene ili niweze kuivua na kuivalisha kama kofia, nikaibana kwa mpira wa tyubu. Ilipokauka nikapiga. Lilikuwa na sauti nene, fupi, inasema kitu chake na kunyamaza. Nilikaa nalo nje siku nzima, matairi ya watu yakinisubiri.

Sasa mjomba ana binti mmoja tu. Mimi namwita dada. Ni fundi cherehani mjini. Akachumbiwa na bwana kilimo, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyeletwa na kazi, mtaratibu, anavaa buti za shambani hata msibani. Mipango ikaanza, na padri akakumbusha kwamba Kwaresima hafungishi ndoa. Kusubiri Pasaka ingewezekana, ila gauni lilikuwa limeshaongezwa kiunoni, na fundi aliyeliongeza ni bibi harusi mwenyewe. Kwa hiyo ikabidi iwe kabla ya Majivu, maana yake mwezi wa pili. Mwezi wa pili mvua ya Songea huwezi kusema inakuja. Inakuwa imeshahamia, yenyewe na ndugu zake.

Kwenye sendofu baba anatakiwa asimame amuage binti. Kwa kawaida ni hotuba: mwanangu umekua, mkawe kitu kimoja, nyumba hii mlango uko wazi, makofi. Dada akakataa mapema. Tulikuwa tunakunywa chai.

"Baba, hotuba sitaki," alisema. "Nataka wimbo wa kuku."

Mjomba akaangalia kikombe chake. Akasema kitu. Tukanyamaza, akarudia.

"Huyo emsii atakuwa na maiki?"

"Atakuwa nayo."

"Haya."

Wimbo wa kuku aliutunga yeye, dada alipokuwa mdogo wa kubebwa. Haujulikani popote zaidi ya nyumba ile. Ni wa Kingoni, na habari yake ni nyepesi: jioni imefika, mwenye kuku anambembeleza kuku wake aingie bandani, kuku hataki. Kila beti kuku anatoa sababu. Ndani joto. Jogoo anakoroma. Bata wa jirani hajalala, kwa nini nilale mimi. Mjomba alikuwa mwenye kuku, dada ndiye kuku, na beti la mwisho mlango wa banda unafungwa, hapo dada anabebwa moja kwa moja mpaka kitandani. Mimi nilipokuja kuishi pale niliukuta wimbo unaendelea. Niliomba nafasi ya jogoo. Nikaambiwa jogoo anakoroma tu, hana maneno. Nikakoroma.

Kwa hiyo nilielewa alichoombwa. Mjomba hakuwa na ng'ombe wa kumpa binti wala kabati la kumsindikizia. Alikuwa na wimbo mmoja, na sauti ya kuuimba ilikuwa imebaki robo. Akishindwa, dada ataondoka na hotuba kama mtu yeyote.

Tukaanza mazoezi, na hapo hapo ngozi ikaanza tabia. Ngozi ya mbuzi haijui kama mbuzi alishakufa. Jua likitoka inajikaza, mvua ikinyesha inajilegeza, kidaraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, kinazama kama kimekaa kwenye godoro. Nikawa naipasha kwa jiko la mkaa. Ukiitoa motoni imekaza mpaka inapayuka, ukingoja kidogo imelegea inanung'unika. Katikati ya kupayuka na kunung'unika kulikuwa na muda ambao inasema vizuri, na muda wenyewe ulikuwa unatufikisha kwenye beti la jogoo tu.

Mimi nikaona aibu. Niseme tu ukweli, nilikuwa nafikiria wakwe. Watu wa Kanda ya Ziwa wanakuja na ngoma zao, na spika za kukodi, halafu mimi nikae pale na sufuria linalonung'unika. Nilitaka uso ambao hauijui mvua. Ndipo nikaikumbuka ile picha ya eksirei. Hospitali walimpiga mjomba picha ya shingo kabla ya kulitoa rovu, na ilikuwa inakaa chini ya godoro lake ndani ya bahasha, plastiki ngumu nyeusi, safi, haina mkunjo.

"Mjomba," nilimwambia, "ile picha ya shingo unaitumia?"

Yeye pia ananiita mjomba, ndivyo ilivyo.

"Kufanyia nini, mjomba?"

"Ndiyo nauliza."

Akafikiri. "Usikate sura," akasema.

"Haina sura. Inaanzia kidevuni."

"Basi kata."

Nikatoboa matundu pembeni kwa msumari wa moto, nikaibana na mpira wa tyubu. Ukiliinua banjo dirishani ulikuwa unaona shingo ya mjomba nzima, mifupa imepangana kama vifungo vya koti, na pale pembeni kivuli cha rovu kimelisukuma koo upande. Kidaraja kiliangukia juu ya rovu kabisa. Sikukipangia, ndipo palipokuwa katikati.

Sauti yake. Nikisema ilikuwa kali sitakuwa nimesema. Lilikuwa linalia kama punje za mahindi zinadondoka kwenye bati, kila moja unaisikia ilipoangukia. Mvua ilinyesha, halikujali. Madereva wa bodaboda walizima pikipiki wasikilize. Mama alitoka jikoni kuniambia nipunguze redio. Fundi redio wa jirani alikuja akaliangalia kwa mwanga, akahesabu mifupa, akasema yeye ana picha ya goti nyumbani, kama nitahitaji besi.

Nikampelekea mjomba kwa mbwembwe zote. Alikuwa amekaa sebuleni. Chumba cha pili dada alikuwa anashona, cherehani linakwenda. Nikaanza, mjomba akaingia.

Hakusikika.

Nilimwona mdomo unafunguka, shingo inajikaza, kola inacheza, lakini kilichokuwa kinatoka ni banjo. Nyuzi zilimpita kama bodaboda inavyompita mtu wa miguu siku ya matope, hazikumgusa ila zilimwacha na matope. Akapandisha sauti, akakohoa. Akajaribu tena beti la joto. Kwenye jogoo akanyamaza, akanipungia mkono nisimame.

"Banjo zuri hili," alisema. "Linajitosheleza."

"Nitapiga polepole, mjomba."

"Piga tu. Mimi nitaandika hotuba. Emsii ataisoma."

Alisema kwa ile sauti yake ya robo, lakini nyumba ile tulishazoea kusikiliza. Cherehani chumba cha pili likasimama. Likakaa kimya, halafu likaendelea, taratibu, kama mtu anayeshona kitu ambacho hakina haraka tena.

Nilikwenda kukaa chini ya paa langu jembamba la kazini na lile banjo. Nikapiga kwa kidole laini, bila kucha. Bado linachoma. Nikapiga kwa kidole cha mgonjwa, bado. Kupungua lilipungua, ila lilibaki vile vile, dogo na kali, kama mtoto anayenong'ona ugomvi. Ndipo nikaona shida haiko kwenye makelele. Zamani mjomba alikuwa anaimba chini kabisa, huko kwenye ghorofa ya mwisho. Rovu lilipotoka, sauti iliyobaki ilipanda juu, nyembamba, ya hewa hewa. Na hii picha yake nayo inasemea huko huko juu. Walikuwa wawili wanagombania kiti kimoja, mmoja mgonjwa, mwingine ni plastiki. Ngozi inakaa chini. Ngozi ingemwachia kiti.

Nikarudisha ngozi. Sikutangaza. Nilikwenda tu nikakaa mlangoni, nikapiga beti la joto mpaka mjomba akachoka kunisikiliza akaimba. Siku ile ngozi ilikuwa imetoka kwenye jiko, ikawa katika ule muda wake mzuri. Alisikika nusu. Mama akasema nusu inatosha, nyingine itamaliziwa na maiki. Cherehani likarudi kwenye mwendo wake. Lakini mjomba karatasi ya hotuba aliiandika pia, nikaiona mfukoni mwa koti lake imekunjwa vizuri.

Siku ya sendofu ikafika na mvua yake. Turubai liliwambwa uani tangu asubuhi, viti vya kukodi vikapangwa, na kutoka Mbinga akafika mama mkubwa, dada mkubwa wa mke wa mjomba. Mama mkubwa ni mtu wa usafi. Akifika mahali hasalimii watu kwanza, anasalimia vumbi. Mimi nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia masikio yangu. Kwake yeye mkwe akiingia ndani ya nyumba akakuta kitu kimepauka, hiyo ni fedheha ya ukoo, na dawa ya kupauka ni mafuta ya mgando. Alikuja na kopo lake kubwa. Watoto wote walipakwa miguu mpaka wakawa wanateleza kwenye viti. Makochi yalipakwa mikono. Viatu vya mjomba vilipakwa, jalada la Biblia lilipakwa. Mimi nilipakwa shingo nikiwa nimebeba kreti ya soda, sikuwa na mkono wa kujitetea.

Banjo nilikuwa nimelipasha vizuri, nikaliacha sebuleni juu ya kochi, nikaenda kusaidia kupanga viti. Niliporudi lilikuwa linang'aa.

"Mama mkubwa," nikasema, "banjo limefanyaje?"

"Lilikuwa limepauka. Wakwe wanakuja, unaweka kitu kimepauka sebuleni."

"Mama mkubwa, ile ni ngozi."

"Si ndiyo maana nikapaka."

Nikaligonga kwa kidole, likasema pu. Nikalipeleka kwenye jiko likauke, mafuta yakayeyuka yakaingia ndani zaidi, likaanza kunukia kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikaligonga tena. Pu. Nyuzi zote nne, pu, ya juu na ya chini, kama mtu anayepigapiga mto kwa kiganja atandike kitanda.

Nikachukua ile bahasha ya eksirei nikaificha ndani ya koti. Mpango ulikuwa mwepesi: nitavua ngozi, nitavalisha picha, halafu emsii atampandishia mjomba maiki mpaka mwisho, spika zimbebe. Nikamwambia emsii. Alikuwa kijana mfupi mwenye suti ya kung'aa, na mama mkubwa hakuhitaji kumgusa. Akasema niondoe shaka, maiki yake inaweza kumsikilizisha hata bubu.

Wakwe wakafika wakiimba, wamelowa, wamechangamka. Watu wakakaa, chakula kikapita, kamati ikatambulishwa, wajomba wakatambulishwa, shangazi wakatambulishwa, na ilipokaribia zamu ya mzee wa nyumba mvua ikapiga lile pigo lake moja na umeme ukaondoka. Muziki ukakatika katikati. Maiki ikafa mkononi mwa emsii, akabaki mtu mfupi mwenye suti. Tukangoja. Mvua ikapungua, ikawa matone tu kwenye turubai, halafu ikaacha kabisa. Umeme haukufuata mfano.

Emsii akaja akaniinamia, akasema twende hivyo hivyo, wakwe wana safari. Mjomba alikuwa amekaa karibu yangu. Mkono wake ulikuwa kwenye mfuko wa koti, pale ilipo karatasi.

"Umelivalisha lipi?" akaniuliza.

"La mafuta."

"Linatoka sauti?"

"Halitoki, mjomba."

"Na lile lingine?"

"Ninalo hapa. Linatoka sana."

Akatikisa kichwa kidogo. Hakusema nivalishe wala nisivalishe. Na mimi nikapiga hesabu yangu. Kuvalisha ni kazi ya dakika chache. Nikivalisha shingo yake, bila umeme, bila spika, mimi ndiye nitakuwa kitu pekee kinachosikika Mjimwema nzima. Wakwe watarudi kwao wananitaja. Mjomba atafungua mdomo, itabaki kama sinema iliyokatwa sauti, kisha atatoa ile karatasi. Nilitaka sana kutajwa huko Kanda ya Ziwa. Bahasha ikabaki kwenye koti.

Tukasimama. Dada naye alisimamishwa mbele yetu, na gauni lake la kuongezwa, bwana harusi pembeni na viatu vya kawaida, nilikuwa sijawahi kumwona navyo. Nikapiga mwanzo. Pu, pu, pupu, pu. Watu wakatazamana. Upande wa wakwe mmoja, kijana mnene, shemeji wa shemeji, akasema kwa sauti ya kutosha:

"Jamani Wangoni, hilo sufuria si bado lina ugali?"

Kicheko kikapita safu zote. Mimi nikaendelea kupiga.

"Lina, shemeji," nikamwambia. "Subiri, tunakupakulia."

Wakacheka tena, halafu wakanyamaza, na walinyamaza vizuri kuliko ambavyo emsii angewanyamazisha. Kila mtu alitaka kusikia hilo banjo lina ugonjwa gani. Wengine waliinama mbele, mikono masikioni. Na walipokuwa wameinama hivyo, wanatafuta banjo, wakamkuta mjomba.

Alikuwa ameshaanza. Jioni imefika, kuku wangu, ingia. Ilikuwa sauti ndogo, ya hewa, imechanika pembeni, lakini ilikuwa peke yake kule juu. Banjo lilikuwa chini huko linapigapiga mto wake. Halikumgusa. Neno moja moja lilikuwa linatoka na kufika, mpaka nyuma kabisa walikokuwa wapishi, nikamwona mmoja ameshika mwiko hewani.

Beti likaisha. Hapo kuku anatakiwa ajibu. Mjomba alikuwa hajapanga hilo, kwenye mazoezi tulikuwa tunaliruka. Akawa anavuta pumzi aendelee, na dada, na shela lake, akajibu. Hataki. Ndani joto.

Wamama wa kwetu waliokuwa wanaelewa wakaanza kucheka. Bwana harusi akamuuliza mama tafsiri. Mama akamwambia: anaombwa aingie ndani, anakataa. Bwana harusi akaangalia mbele, hakuuliza tena.

Mjomba akambembeleza beti la pili. Jogoo anakoroma. Nikakoroma, kwa sababu ni sehemu yangu na sikuwa na maneno mengine. Beti la bata. Dada alikuwa anajibu kama alivyokuwa anajibu zamani, na kidole amekiinua, na gauni lote lile. Mjomba alikuwa amemtazama yeye tu. Mkono alishautoa mfukoni, sikuona ulitoka saa ngapi.

Tukafika beti la mwisho, la kufunga mlango wa banda. Nikapiga mwanzo wake. Hakuingia. Nikarudia, labda pumzi imeisha. Akanipungia mkono, taratibu, kama anafukuza nzi asiye na kosa. Nikasimamisha. Mlango haukufungwa. Akamshika dada begani, akampeleka hatua kadhaa upande wa wakwe, akamwachia pale, akarudi kukaa.

Vigelegele. Dada alilia, poda yote ikashuka, na mama mkubwa akafika mara moja na kopo lake.

Umeme ulirudi watu wanaaga. Nilikuwa nafungasha banjo kwenye kanga, mjomba kakaa pembeni yangu anavua viatu vinavyong'aa, akaja mzee mmoja wa upande wa wakwe, baba mkubwa wa bwana harusi, fimbo mkononi. Akamshika mjomba mkono. Akasema amehudhuria sendofu nyingi, hotuba anazijua kwa moyo, ila leo ameona kitu. Akasema mzee mwenzangu, una sauti. Halafu akanigeukia mimi, akaliangalia sufuria, akashusha sauti kama mtu mwenye huruma.

"Ila huyu mpigaji," alisema. "Siku nyingine tafuteni mpigaji."

"Ni mpwa wangu," mjomba akamjibu. "Bado anajifunza."

Spika zilikuwa zimeshaanza tena nyuma yetu, watoto wanapiga kelele, viti vinakunjwa. Yule mzee alimwinamishia mjomba sikio tu kidogo, akaitikia, akaenda zake. Hakumwomba arudie.